Wangari Maathai: Chuo kilichomfungia mlango ndicho kinachohifadhi majivu yake

Kama umetoka Ishiara mwaka huu kwenda kusoma Embu, Chuka au Nairobi, basi Profesa Wangari Maathai alipofariki, Septemba 25, 2011, huenda ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Jina lake umelisikia shuleni: mama wa miti, mshindi wa Nobel. Lakini je, unajua kwamba safari yake ya miti ilipitia kampasi? Na kampasi hiyo haikumlea kwa mkono laini.

Alizaliwa Aprili 1, 1940, kijijini Ihithe, Nyeri. Akiwa msichana mdogo alitumwa kuokota kuni, ila mama yake alimkataza kabisa kugusa mugumo uliokuwa karibu na kijito. Huo ulikuwa mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Hapo ndipo masomo ya sayansi yalipomsaidia kuelewa: mizizi ya mti ule ilishuka chini sana, ikapasua mwamba na kuyafungulia maji njia. Kumbe wazee walikuwa na sababu.

Alimaliza Loreto Limuru mwaka wa 1959, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani. Alipata shahada ya biolojia Kansas mwaka wa 1964, kisha ya uzamili Pittsburgh. Mwaka wa 1966 alirudi nyumbani akiwa na barua ya kazi mkononi, katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu Nairobi. Alipofika, akaambiwa nafasi ishachukuliwa na mtu mwingine. Yeye aliamini alinyimwa kwa sababu ni mwanamke, tena kwa ajili ya kabila lake.

Hakukunja jamvi. Alipata kazi katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka wa 1976 alikuwa ameshika uongozi wa idara. Hata hivyo, ilibidi yeye na mhadhiri mwenzake wa kike wapigane ili wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume.

Utafiti wake ulihusu kupe, wale wanaosambaza ndigana kali inayoua ng'ombe. Alipotoka nje ya jiji kuwakusanya, aliona jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi zake: mito imegeuka rangi ya udongo, ng'ombe mbavu nje, vilima vimebaki vipara. Akajiuliza, kati ya kupe na ardhi iliyovuliwa nguo, ni nani adui mkubwa? Wanawake wa vijijini nao walikuwa wakilia kuni na maji vimeadimika. Jibu lake likawa miti.

Juni 5, 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, walipanda miche 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi haikuishi. Somo hilo likaingia: kupanda ni rahisi, kutunza ndiyo kazi. Ndiyo maana Vuguvugu la Green Belt liliwalipa akina mama kwa miche iliyoshika na kukua, si kwa mashimo waliyochimba.

Mwaka wa 1982 aliacha kazi ya chuo ili awanie ubunge. Akazuiwa kuwania. Kurudi chuoni, akakuta mlango umefungwa na nyumba anatakiwa kuhama. Miaka 16 ya kazi ikaishia hapo.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Yeye aliingia kwenye miti mzimamzima. Mwaka wa 1989 alipinga jumba la orofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, na jumba hilo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa hadi akavuja damu Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 uliokuwa ukigawiwa mabwanyenye. Wiki chache baadaye, wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea. Mwaka huohuo, serikali ikasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura bado ipo.

Alichaguliwa mbunge wa Tetu mwaka wa 2002, na mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka wa 2010, chuo kilekile kilichomkataa kilianzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Alipofariki, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa kwa mafunjo, mianzi na magugu-maji, na majivu yake yakazikwa katika taasisi hiyo.

Sasa wewe uliye kampasi usingoje kuwa profesa. Kwetu Ishiara, makaa yamekula migunga na mikwaju mingi, lakini mukau bado upo. Hukua upesi kwenye ukame, na mchwa hawaiwezi mbao yake. Shida ni mbegu: kokwa yake ni ngumu, lazima uipasue kwa uangalifu ndipo iote. Hiyo ni kazi inayomfaa mwanafunzi. Ombeni kona moja ya chuo isifyekwe, muanzishe kitalu cha miti ya kiasili, na mvua za Oktoba zikifika mpande. Kisha, kama wale akina mama, msihesabu mliyopanda. Hesabuni iliyo hai mwaka ukiisha.