Robert Noyce, Mwasisi Mwenza wa Intel

Robert Noyce alizaliwa tarehe 12 Desemba, 1927 katika Jimbo la Iowa, Marekani, akiwa mtoto wa mchungaji. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1953, alijiunga mwaka 1956 na maabara ya William Shockley huko California.

Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, alikuwa mwanasayansi hodari lakini hakuwaamini walio chini yake, hata akataka wapimwe kwa mashine ya kubaini uongo. Mwaka 1957 wataalamu wanane, Noyce akiwamo, waliacha kazi kwa pamoja na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor kwa mtaji wa mfanyabiashara Sherman Fairchild. Hapo, mwaka 1959, Noyce alibuni njia ya kuunganisha transista nyingi ndani ya kipande kimoja cha silikoni.

Mwaka 1968, yeye na Gordon Moore waliasisi Intel. Humo wakubwa hawakutengewa maegesho ya magari, na mhandisi kijana aliweza kumpinga mkuu wake kwa hoja.

Japan ilipoipita Marekani katika soko hilo, Serikali ya Marekani na kampuni shindani ziliunda taasisi ya pamoja ya utafiti, Sematech. Noyce alikubali kuiongoza mwaka 1988, akaendelea na jukumu hilo hadi alipofariki dunia tarehe 3 Juni, 1990, akiwa na umri wa miaka 62.