MAISHA YA SHEIKH ABDALLAH SALEH FARSY, NA MALIPO YA MWENYE KUSOMESHA WATOTO

Sifa zote njema zina Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baadu. Watu wa Salale, na wa milango yote ya mto Rufiji, wanaijua boriti. Wazee wao waliikata mikokoni, wakaipakia majahazini, ikavuka bahari mpaka Unguja, ikalazwa juu ya kuta za mawe kubeba sakafu na dari za nyumba za mjini. Mgeni aingiapo katika nyumba hizo husifu mlango wa nakshi, boriti haitazami. Na lau zingeondoka boriti, nakshi ya mlango isingemfaa kitu. Hali ya mwalimu wa watoto ndiyo hiyo.

Wapo vijana waliokwisha kusoma fiqhi na nahau, wakirudi kwao huona haya kuketi jamvini na watoto wa alifu na be, wakidhani ilimu yao itachakaa. Na wapo wazee ambao fundi wa jahazi humpa ujira wake bila ya maneno, lakini mwalimu wa chuo humpa kibaba cha mchele kwa mkono mzito. Wote hao na wasikilize khabari za mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1330 wa Hijra, nao ni mwaka 1912 wa miladi. Zama hizo Unguja ilikuwa bahari ya ilimu. Walikuwako akina Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, na wanafunzi wao walikuwa wakisomesha katika kila mtaa. Sheikh Abdallah akaanza kama waanzavyo watoto wote wa pwani, kwa Kurani. Kisha akaingia skuli ya serikali, na huku akihudhuria darsa za mashekhe. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sheikh Ahmed bin Muhammad Mlomri, na pia alinufaika na ilimu ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Basi akakusanya vyuo viwili, cha msikitini na cha skuli, na wakati ule waliokusanya hivyo hawakuwa wengi.

Mwaka 1933 akaanza kazi ya ualimu, akapewa kusomesha watoto wa skuli za msingi. Ikumbukwe kwamba wazazi wengi wa Unguja walikuwa wakizichelea skuli za serikali, wakiogopa watoto wasije wakapotewa na dini yao. Kuwamo kwa mwanachuoni darasani kulikuwa ni amana kwa wazazi hao. Na kazi yenyewe si nyepesi. Mwenye kusomesha wakubwa husema neno mara moja likafahamika. Mwenye kusomesha wadogo hulisema leo, akalisema kesho, na kesho kutwa akalikuta limesahauliwa, naye asikasirike. Sheikh alisomesha watoto zaidi ya miaka 10, kisha akawekwa kuwa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa skuli iliyosomesha kwa Kiarabu. Kutoka mwaka 1933 hata mwaka 1960 ni miaka 27, na sehemu kubwa ya umri huo ilipita katika kazi ya skuli.

Je, ilimu yake ilichakaa? La. Alikuwa angali mwalimu kilipotoka, mwaka 1942, kitabu chake juu ya Seyyid Said bin Sultan, na mwaka 1944 tarehe ya Imamu Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika. Akaandika pia juu ya sala na maamrisho yake, na juu ya maisha ya Mtume, kwa Kiswahili ambacho mvuvi hukifahamu na mwanachuoni hakidharau.

Kubwa kuliko yote ni tafsiri yake ya Kurani. Mwaka 1923 ilikwisha tokea tafsiri ya Kiswahili ya Padre Godfrey Dale, na mwaka 1953 ikatoka ya Makadiani. Waislamu wa pwani walihitaji tafsiri iliyotoka mkononi mwa mwanachuoni wao. Sheikh akaifanya, ikichapwa juzuu baada ya juzuu, hata ikakamilika na kutolewa Nairobi mwaka 1969. Mwenye kuisoma huona kwamba aliyeiandika anajua msomaji atakwama wapi, na hapo hapo humshika mkono kwa maelezo mafupi. Hiyo ni tabia ya mtu aliyezoea kutazama uso wa mtoto akajua kama amefahamu au hakufahamu. Haikuwa pungufu kwake kukaa na wadogo. Ndiko kulikomfundisha kusema na umma.

Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar. Mapinduzi yakapita mwaka 1964, na mwaka 1967 akahamia Kenya, akapewa Ukadhi Mkuu mwaka 1968, akaushika zaidi ya miaka 10. Yalikuwako mambo aliyokhitalifiana na wanavyuoni wenziwe, khasa katika bidaa, na maneno mengine yalikuwa makali pande zote. Walakini katika ualimu wake hapana aliyemshinda kwa hoja, maana kazi hiyo ilionekana kwa macho.

Sasa malipo yake yako wapi? Ujira wa kusomesha ni halali katika madhehebu ya Imamu Shafi, na mwalimu hana haya ya kuupokea. Lakini ujira ni wa kula, nao huisha. Malipo yasiyoisha ni mengine. Mtume, sala na salamu zimfikie, amekhubiri kwamba mtu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu, na moja katika hayo ni ilimu yenye kunufaisha. Fatiha ni nguzo ya sala, nayo ina shadda 14, na Mashafi wameshurutisha zisomwe zote. Mtoto aliyefunzwa kuzitamka sawasawa huisoma Fatiha mara 17 kila siku katika faradhi peke yake, maisha yake yote, na mwalimu aliyemtengenezea ulimi ana fungu lake katika kila rakaa. Na mtoto huyo akimfunza mwanawe, fungu linazidi. Kadhi hukumu zake huhifadhiwa kabatini. Ya mwalimu huhifadhiwa vifuani mwa watu wanaosali.

Na hapa duniani pia Mwenyezi Mungu alimwonyesha. Sheikh hakuwasahau waliomtangulia. Alikusanya khabari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na kitabu hicho kikatoka tena mwaka 1972. Alipokufa, mwanafunzi wake, Sheikh Saidi Musa, akaandika kitabu kizima cha maisha yake, kikachapwa mwaka 1986. Aliyewatendea wakubwa wake wema alitendewa wema na wadogo wake.

Alifariki Oman mwaka 1403 wa Hijra, yaani 1982 wa miladi, mbali na madarasa ya Unguja alikoanza kazi. Lakini hapana umbali kwa thawabu.

Basi kijana uliyesoma, ukirudi Salale ukaona jamvi limekunjwa kwa kukosa mtu wa kuwashika watoto, likunjue. Na baba uliyempeleka mwanao chuoni, mpe mwalimu haki yake kabla hajaidai, kwani anayekuombea kaburini atakuomba kwa ulimi aliotengeneza yeye.

Mwenyezi Mungu amsamehe Sheikh Abdallah Saleh Farsy, awarehemu walimu wote waliotangulia, na awape subira waliobaki. Amin.