Philipp Melanchthon (1497–1560): Mwalimu Aliyekubali Kubaki Mwalimu

Katika kitabu hiki cha miaka mia moja ya usharika wetu yametajwa majina ya wachungaji na wazee wa Kanisa waliotumika hapa. Ni haki walimu nao watajwe. Katika historia ya Kanisa letu nchini, vijiji vingi vilimwona mchungaji mara chache kwa mwaka, lakini mwalimu alikaa humo siku zote: asubuhi alifundisha watoto kusoma, jioni aliongoza sala, na Jumapili alisoma Neno. Hata hivyo tumezoea kuwafikiria walimu hao kama watu waliokuwa njiani kuelekea uchungaji, na wale ambao hawakubarikiwa tumewahesabu kana kwamba walibaki nyuma. Maisha ya Philipp Melanchthon, mwandishi wa Ungamo la Augsburg, yanatupa kipimo kingine cha kuwapimia.

Kuzaliwa na masomo yake

Philipp alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Georg Schwartzerdt, alikuwa fundi wa silaha katika utumishi wa mtawala wa nchi ile. Mwaka 1508 mtoto alifiwa na baba yake na babu yake, akapelekwa Pforzheim kusoma katika shule ya Kilatini. Huko alitazamwa kwa upendo na Johannes Reuchlin, bingwa wa Kigiriki na Kiebrania, aliyekuwa ndugu wa bibi yake. Jina la Schwartzerdt maana yake ni udongo mweusi. Reuchlin alilifasiri kwa Kigiriki, na tangu hapo kijana akaitwa Melanchthon.

Mwaka 1509, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliingia Chuo Kikuu cha Heidelberg. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1511, lakini alipotaka kuendelea na shahada ya juu alikataliwa kwa sababu ya udogo wa umri wake. Akahamia Tübingen, akaipata mwaka 1514. Mwaka 1518 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kigiriki, na mwaka uo huo akaitwa Wittenberg kuwa mwalimu wa lugha hiyo.

Alifika Wittenberg mwezi Agosti 1518, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba na mfupi, ambaye kwa sura hakuonekana mtu wa kutegemewa. Siku chache baadaye alitoa hotuba yake ya kwanza juu ya kutengeneza upya masomo ya vijana. Aliwaonyesha wasikilizaji kwamba mtu asiyerudi kwenye chemchemi, yaani maandiko katika lugha zake za asili, atakunywa siku zote maji yaliyochafuliwa na wengine. Martin Luther alikuwa miongoni mwa waliosikia, na mashaka yote yakamtoka.

Jinsi alivyouona wito wake

Tangu hapo watu hawa wawili walifanya kazi bega kwa bega, ingawa hawakufanana. Luther mwenyewe alipojilinganisha na mwenzake alijiona kama mtu wa kufyeka msitu na kung'oa visiki, na Philipp akamwona kama mkulima anayekuja nyuma yake kwa utulivu, akipanda na kumwagilia. Mwaka 1521 Melanchthon alitoa kitabu kilichopanga mafundisho makuu ya imani kwa utaratibu, cha kwanza cha namna hiyo katika Matengenezo ya Kanisa. Kilitokana na masomo aliyowapa wanafunzi wake juu ya Waraka kwa Warumi.

Wengi wangetazamia kwamba mtu wa namna hii angebarikiwa kuwa mchungaji. Haikuwa hivyo. Maisha yake yote hakubarikiwa, wala hakuwa na shahada ya udaktari wa theolojia. Hakupanda mimbarani. Wanafunzi waliotoka Hungaria walipokuwa hawaelewi mahubiri ya Kijerumani, aliwakusanya nyumbani kwake siku ya Jumapili, akawafafanulia Injili kwa Kilatini. Waliposongamana, akawahamishia katika ukumbi wa masomo. Hata hapo aliifanya kazi hiyo kama somo la mwalimu kwa wanafunzi wake.

Hakufanya hivyo kwa kuudharau uchungaji. Katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 14, aliandika yeye mwenyewe kwamba mtu asifundishe hadharani katika Kanisa wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Naye aliuona wito wake kuwa ni darasa. Hakulihesabu darasa kuwa ngazi ya kupandia kwenda kwenye kazi nyingine iliyo bora zaidi, kwa maana aliamini kwamba pasipo shule Kanisa lingekosa wasomaji wa Maandiko, na nchi ingekosa waamuzi na viongozi.

Wala hakuipamba kazi hiyo kwa maneno matamu. Aliandika hotuba nzima juu ya taabu za walimu: mwanafunzi asiyetaka kujifunza, somo linalorudiwa mara nyingi bila kushika, wazazi wasio na shukrani, na ujira mdogo. Nyumbani kwake aliendesha shule ndogo kwa miaka ipatayo kumi, akiwalea vijana pamoja na familia yake. Mke wake, Katharina Krapp, aliyemwoa mwaka 1520, aliubeba pamoja naye mzigo wa nyumba iliyojaa wageni.

Shule na makanisa

Mwaka 1526 mji wa Nürnberg ulifungua shule mpya kwa ushauri wake. Wakuu wa mji walimtaka awe mkuu wa shule hiyo. Alikwenda akatoa hotuba ya ufunguzi, kisha akarudi Wittenberg. Kuanzia mwaka 1527 alizunguka vijijini Saxony kukagua makusanyiko na shule. Hali aliyoikuta ilikuwa ya kuhuzunisha, kwa kuwa watu wengi hawakujua hata mambo ya kwanza ya imani. Mwongozo aliouandika kwa wakaguzi ulichapishwa mwaka 1528, na mwisho wake ulikuwa na mpango wa shule wenye madarasa matatu. Aliwaonya walimu wasiwalemee watoto kwa masomo mengi kwa wakati mmoja. Katekisimo za Luther, zilizotolewa mwaka 1529, zilizaliwa katika ukaguzi uo huo.

Mwaka 1530 Kaisari Karl wa Tano aliwaita watawala Augsburg. Luther hakuweza kufika kwa sababu alikuwa amepigwa marufuku na dola, akabaki katika ngome ya Coburg. Kazi ya kuandaa ungamo ikamwangukia mwalimu huyu. Tarehe 25 Juni lilisomwa kwa Kijerumani mbele ya Kaisari, lenye vifungu 28. Ndilo hilo ambalo Kanisa letu la KKKT linalikiri katika katiba yake hadi leo.

Siku za majonzi

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546, na watu wakamtazama Melanchthon awe kiongozi. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya kazi hizi mbili. Vita vilizuka, Wittenberg ikatekwa mwaka 1547, na chuo kikatawanyika. Alipewa nafasi kwingine, lakini alirudi kukijenga upya chuo chake chini ya mtawala mpya, ambaye wengi walimwona msaliti. Mwaka 1548 alikubali mapatano yaliyorudisha baadhi ya desturi za zamani, akiamini kwamba taratibu za nje zaweza kuvumiliwa maadamu Injili imebaki. Matthias Flacius, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimpinga vikali, akisema kwamba wakati wa kulazimishwa hakuna jambo dogo. Kanisa baadaye, mwaka 1577, lilikubali hoja hiyo ya Flacius.

Tabia ya mwalimu ya kusikiliza pande zote na kutafuta maneno ya kuwapatanisha ilikuwa hazina kubwa Augsburg; katika siku za shinikizo ilimletea aibu. Hata hivyo hakuacha kufundisha. Alifiwa na mkewe mwaka 1557 akiwa safarini kwa kazi ya Kanisa. Alipokaribia kufa aliandika sababu za kutokuogopa mauti, mojawapo ikiwa kuokolewa na ghadhabu ya wanatheolojia. Alifariki tarehe 19 Aprili 1560, akazikwa karibu na Luther katika Kanisa la Ngome, Wittenberg. Wajerumani walimpa jina la heshima, Mwalimu wa Ujerumani.

Mafundisho kwetu

Wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu Waafrika ndio waliosaidia sana kuyashikilia makusanyiko. Baadaye, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoweka shule chini ya Serikali, wengine walidhani kwamba ualimu si kazi ya Kanisa tena. Lakini watoto wa kipaimara na wa shule ya Jumapili wangali wanahitaji mwalimu kila juma, na mara nyingi tunampa kazi hiyo yeyote aliyepatikana, bila kitabu, bila semina wala shukrani.

Kanisa linalokiri imani yake kwa maneno yaliyoandikwa na mwalimu asiyebarikiwa haliwezi kumhesabu mwalimu kuwa mtumishi wa daraja la pili. Tunapoingia karne ya pili ya usharika wetu, wazee wa Kanisa na wajumbe wa dayosisi wanapopanga bajeti na mafunzo, na wamkumbuke mwalimu. Naye mwalimu asione haya kubaki mwalimu.