John Kemeny: Aliyetaka mchoro mmoja uonekane kwenye kila tarakilishi

MWAKA 1963, mitambo ya kusafisha mafuta ilipoanza kazi Changamwe na Kenya ikajipatia uhuru, wahadhiri wawili wa hisabati katika chuo cha Dartmouth, Marekani, walikuwa wakitafuta njia ya kumwezesha mwanafunzi yeyote, hata wa fasihi, kuitumia tarakilishi. Mmoja wao alikuwa John Kemeny.

Alizaliwa Budapest, Hungary, mnamo Mei 31, 1926, katika familia ya Kiyahudi. Babake alitangulia Marekani mwaka 1938, na miaka miwili baadaye jamaa yake ikamfuata. Babu alikataa katakata kuhama. Aliangamia katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Kijana huyo alisomea Princeton, akashiriki hesabu za bomu la atomiki huko Los Alamos mwaka 1945, kisha akawa msaidizi wa Albert Einstein. Sifa hizo zingemtosha mtu mwingine.

Alfajiri ya Mei 1, 1964, Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz waliiendesha kwa mara ya kwanza lugha ya BASIC. Hawakumtoza mtu ada, na ukarimu huo ndio ulioieneza duniani. Ndio pia ulioigawanya.

Tarakilishi za nyumbani zilipozuka, kila kampuni ilikuja na toleo lake la BASIC. Mswahili wa Mombasa na mwenzake wa Lamu huelewana japo lahaja zao zatofautiana. Mashine hizi hazikuelewana, hasa palipohusika michoro. Apple II ilichora kwa nukta 280 kwa 192. IBM ya mwaka 1981, ikiwa na kadi ya rangi, ilitoa 320 kwa 200 kwa rangi nne, au 640 kwa 200 kwa rangi mbili. Commodore 64 ilikuwa na nukta 320 kwa 200, lakini BASIC yake haikuwa na amri hata moja ya kuchora: mtumiaji alilazimika kupachika namba mojamoja katika kumbukumbu ya mashine. Mwalimu aliyetunga somo kwa mashine moja alijikuta hana kitu mbele ya nyingine.

Kemeny, aliyekuwa rais wa Dartmouth kuanzia 1970 hadi 1981, na aliyeongoza tume iliyochunguza ajali ya nyuklia ya Three Mile Island mwaka 1979, aliziona lahaja hizo kuwa aibu. Mwaka 1983, yeye na Kurtz waliunda kampuni ya True BASIC. Humo mtunzi wa programu hakuhesabu nukta. Alitaja vipimo vyake mwenyewe. Anayechora kujaa na kupwa kwa maji ya Kilindini, kwa mfano, angetangaza saa 0 hadi 24 kwa upana na mita 0 hadi 4 kwa kimo, na lugha yenyewe ikavigeuza vipimo hivyo kuwa nukta za kiwambo chochote kilichokuwepo.

Wazo lilikuwa bora kuliko biashara yake. Wanunuzi wengi walikuwa tayari wamepewa BASIC pamoja na mashine zao, na ni wachache walioona haja ya kulipia nyingine.

Kemeny alifariki ghafla Desemba 26, 1992, akiwa na umri wa miaka 66. Kurtz alimfuata Novemba 2024, akiwa na miaka 96.