Bwana Lewis na Nukta Zake

Kila tuchorapo molekuli ya maji darasani, huweka nukta mbili baina ya herufi O na kila H. Nukta hizo ni alama za elektroni, na aliyeanzisha desturi hiyo ni Gilbert Newton Lewis, mtaalamu wa kemia wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Massachusetts, akakulia Nebraska, na kwanza alisomeshwa nyumbani na wazazi wake. Alimaliza masomo yake Harvard mwaka 1899. Mwaka 1902, akiwa mwalimu kijana, alichora atomu mfano wa visanduku, elektroni zikikaa kwenye pembe, apate kuwaeleza wanafunzi wake. Hakuchapisha neno. Ndipo mwaka 1916, akiwa Berkeley, California, alipotangaza kwamba atomu mbili zaweza kushikana kwa kushirikiana jozi moja ya elektroni, kama ndugu wawili walimao shamba moja, wala hakuna anayemnyang'anya mwenziwe.

Nami nilimkosea Bwana Lewis. Katika mtihani niliandika kwamba nta ya mshumaa ikiyeyuka, atomu zake huachana. Nikapewa sifuri, na nilistahili. Ndani ya molekuli atomu zimeshikana kwa nguvu sana. Lakini molekuli na jirani yake huvutana kidogo tu. Moto mdogo watosha kuzilegeza molekuli hizo, na kila moja hubaki nzima. Ndiyo sababu nta huyeyuka kabla maji hayajachemka, ilhali chumvi ya kupikia, ambayo haikujengwa kwa molekuli, hungoja hata digrii 801 za sentigredi. Tena nta haipitishi umeme, kwa kuwa elektroni zake zimefungwa mahali pake.

Tangu mwaka 1919 Irving Langmuir, Mmarekani mwenziwe, aliieneza elimu hii kwa hotuba nzuri, akakipa kifungo hicho jina la kovalenti. Watu wakapenda hotuba, hata wengine wakaitaja elimu yenyewe kwa jina la Langmuir. Lewis alichukizwa, na mimi simlaumu. Mwaka 1932 Langmuir alipewa tuzo ya Nobel, ingawa kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa mara nyingi, asipewe hata mara moja.

Tarehe 23 Machi, 1946, alikutwa amekufa katika maabara yake pale Berkeley, akiwa katikati ya jaribio.