Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mwalimu wa Watoto

Marehemu Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Wengi wamjua kwa tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969, na kwa ukadhi wake wa Unguja, kisha wa Kenya, alikokuwa Kadhi Mkuu tangu 1968 hadi 1981. Lakini kabla ya hayo alisomesha watoto katika shule za msingi tangu 1933 hadi 1947. Baadaye alifanywa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba. Alifariki Maskati mwaka 1982.

Ndugu zangu wa Mafubira, kazi ya kukagua alipewa mtu aliyekwisha kusomesha miaka 14. Nasi twavisifu vyuo vyetu kwa wingi wa watoto na uzuri wa jengo. Yafaa aingie ajuaye kazi, akae, amsikilize mtoto mdogo kabisa: azitambua herufi, au afuata tu sauti za wenziwe? Aweza kutawadha? Amwendea mwalimu wake, au amkimbia? Hapo ndipo chuo hujulikana.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu. Amin.