George Gabriel Stokes na Jina la Nuru

George Gabriel Stokes alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 katika kijiji cha Skreen, Ireland, akiwa kitinda mimba wa kasisi. Mwaka wa 1841 aliongoza mtihani wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na kuanzia 1849 hadi kufa kwake alishikilia uprofesa ambao Newton aliwahi kuushika.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu yetu ya kumjua. Mwaka wa 1845 John Herschel alieleza kuwa mmumunyo wa kwinini, usio na rangi, hutoa nuru ya samawati ukipigwa na jua. Kwa kuwa nuru hiyo ilionekana karibu na uso wa kiowevu, alidhani chanzo chake ni huo uso, akaiita kwa neno la Kiyunani lenye maana hiyo. Kosa likajificha ndani ya istilahi! Stokes aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, kisha akausogeza mrija wa kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Penye nyekundu hapakutokea lolote. Ng'ambo ya urujuani, kwenye giza tupu, mrija ukang'aa. Alibaini kuwa kwinini humeza miale isiyoonekana na kutoa mingine yenye mawimbi marefu zaidi. Katika makala yake ya 1852, yenye takribani kurasa 100, alitumia jina moja asilolipenda, halafu katika tanbihi akapendekeza fluoresensi, kutokana na jiwe la florspa. Jina la jiwe halidai nadharia yoyote. Nadhani ndiyo maana limedumu.

Umbo la molekuli hakulijua. Alifariki tarehe 1 Februari 1903, miaka 17 kabla ya Staudinger kutetea kuwepo kwa minyororo mirefu tuiitayo polima. Mwaka wa 1990, papo hapo Cambridge, watafiti waliupitisha umeme katika utando mwembamba wa polima, ukatoa nuru ya manjano-kijani. Katika tando za aina hiyo, mnyororo mkakamavu haubadiliki umbo sana upokeapo nishati, hivyo rangi ya nuru itokayo huikaribia ile iliyomezwa. Mnyororo mlegevu hujinyoosha na kupoteza nishati zaidi. Minyororo iliyobanana nayo aghalabu hung'aa kwa wekundu zaidi, tena hafifu. Wataalamu huusoma mnyororo kwa kulipima pengo lililopo kati ya nuru iliyomezwa na ile itokayo, nalo huitwa mhamo wa Stokes.